Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Historia ya Mikoa na Serikali za Mitaa Nchini Japani

Japani ina ngazi ngapi za serikali za mitaa, na mikoa yake ni mingapi?

Chini ya serikali kuu kuna ngazi mbili tu. Ya juu ni mikoa 47, na ya chini ni miji mikubwa, miji midogo na vijiji ambavyo kwa jumla ni 1,718, pamoja na kata maalumu 23 za Tokyo zenye mameya na mabaraza yao. Kisheria mikoa hiyo ina majina ya aina nne: Tokyo ni "to", Hokkaido ni "do", Osaka na Kyoto ni "fu", na 43 iliyosalia ni "ken". Majina hayo ni mabaki ya historia kuliko alama ya madaraka tofauti, isipokuwa Tokyo, ambayo kweli ina utaratibu wake wa pekee.

Jambo la kushangaza ni uthabiti wa hesabu hiyo. Idadi ya 47 ilifikiwa mwaka 1888 na, ukiiacha miaka ambayo Okinawa ilikuwa chini ya Marekani, haijabadilika hadi leo. Vitengo vilivyo chini ya mikoa, kwa upande mwingine, vilikuwa zaidi ya 71,000 mwaka huohuo wa 1888, navyo vimepunguzwa mara tatu kwa mawimbi makubwa ya kuunganishwa.

Kabla ya mikoa kulikuwa na mgawanyo gani?

Kulikuwa na majimbo yaliyoitwa kuni, yaliyopangwa kwa sheria za Taiho za mwaka 701 kwa kuiga utawala wa China ya enzi za Tang. Kila jimbo liligawanywa katika wilaya, na wilaya katika vijiji vya kaya 50. Mtawala wa jimbo alitumwa kutoka mji mkuu, lakini mkuu wa wilaya aliteuliwa miongoni mwa koo zenye nguvu za palepale. Kwa hiyo serikali kuu ilishika kichwa cha jimbo, huku mikono na miguu ikibaki kwa wenyeji. Kuanzia mwaka 824 majimbo yalikuwa 66 na visiwa viwili vya Iki na Tsushima vilivyohesabiwa kando, na hesabu hiyo ilidumu zaidi ya miaka elfu moja.

Juu ya majimbo kulikuwa na kanda zilizofuata barabara kuu. Majimbo matano ya karibu na mji mkuu yaliunda Kinai, na mengine yote yaligawanywa katika njia saba, mojawapo ikiwa Tokaido, iliyofuata pwani ya mashariki. Kwamba kanda hizo zilifuata mwendo wa wasafiri kunaonekana katika jimbo la Musashi, lililobeba sehemu kubwa ya Tokyo ya leo: mwaka 771 liliondolewa katika njia ya milimani ya Tosando likaingizwa Tokaido, kwa sababu safari ya pwani ilikuwa imekuwa rahisi zaidi.

Majimbo hayo yalifutwa lini?

Hakuna sheria iliyowahi kuyafuta rasmi. Yalipoteza nguvu polepole. Tangu mwishoni mwa karne ya 12, utawala wa mashoguni (watawala wa kijeshi) wa Kamakura uliweka majimboni wakuu wake wa kijeshi, na kufikia karne ya 15 na ya 16 nchi ilikuwa mikononi mwa makabaila waliopigania ardhi kwa upanga. Katika enzi ya mashoguni wa ukoo wa Tokugawa, kuanzia mwaka 1603, kitengo chenye maana kilikuwa himaya ya kabaila, iitwayo han, nayo ilipimwa kwa mavuno yake ya mchele. Kipimo kilikuwa koku, takriban lita 180, na mtu alihesabiwa kuwa daimyo, yaani kabaila mkubwa, akiwa na ardhi ya angalau koku 10,000. Himaya ya Kaga ilipita koku milioni moja.

Ramani ya himaya haikuwa nadhifu hata kidogo. Kabaila mmoja aliweza kumiliki ardhi katika majimbo mawili au matatu yasiyopakana, na katikati yake kukawa na vijiji vya shoguni, vya mahekalu au vya kabaila mwingine. Kwa sababu hiyo watu waliendelea kutaja kuni walipotaka kueleza mahali fulani palipo, na hadi sasa tambi za Sanuki na soba ya Shinshu zinauzwa kwa majina ya majimbo ambayo hayana ofisi wala mtumishi hata mmoja.

Nini hasa kilitokea mwaka 1871?

Tarehe 29 Agosti 1871 makabaila waliokuwa Tokyo waliitwa mbele ya Mfalme wakasomewa amri kwamba himaya zote zimefutwa na mahali pake pamewekwa mikoa. Miaka miwili kabla, mwaka 1869, himaya nne zilizoongoza mapinduzi ya Meiji, yaliyomwangusha shoguni na kumrudishia Mfalme madaraka, yaani Satsuma, Choshu, Tosa na Hizen, zilikuwa zimerudisha daftari za ardhi na watu kwa Mfalme, na nyingine zikafuata. Hata hivyo, kabaila aliyerudisha ardhi aliteuliwa papo hapo kuwa gavana wa ardhi ileile, akaendelea kukusanya kodi na kutunza askari wake. Ilikuwa nusu hatua, na waliokuwa serikalini, akina Okubo Toshimichi, Kido Takayoshi na Saigo Takamori, walilijua hilo.

Hatua ya pili ilitayarishwa kwa siri. Kwanza walikusanya Tokyo jeshi la takriban watu 10,000 kutoka Satsuma, Choshu na Tosa, ili atakayekaidi ajue kinachomngoja. Hakuna aliyekaidi, na kwa maoni yangu jeshi ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine ni fedha. Himaya nyingi zilikuwa zimezama katika madeni, na serikali mpya ilikubali kuyachukua, pamoja na jukumu la kuwalipa samurai posho zao. Kabaila mwenyewe alihakikishiwa sehemu ya kumi ya mapato ya himaya yake, akapewa cheo katika tabaka jipya la watukufu, kisha akaamriwa kuhamia Tokyo. Aliyekuwa na deni lisilolipika aliondoka bila deni na bila bughudha, na kwa wengi wao huo haukuwa mpango mbaya.

Siku hiyo himaya 261 ziligeuzwa mikoa kama zilivyokuwa, na pamoja na maeneo yaliyokuwa tayari chini ya serikali kuu zikapatikana fu 3 na ken 302. Baadaye magavana walipelekwa kutoka kwingine, mara nyingi watu wa Satsuma na Choshu wasio na undugu na mkoa waliotumwa.

Ilikuwaje mikoa 305 ikawa 47?

Kufikia mwisho wa mwaka 1871 ilikuwa imeunganishwa hadi fu 3 na ken 72, na mwaka 1876 ikashuka hadi fu 3 na ken 35. Hapo serikali ilikuwa imekwenda mbali mno, na miaka 12 iliyofuata ilitumika kurudi nyuma.

Mfano wa Tottori unaeleza kwa nini. Mwaka 1876 mkoa huo ulifutwa na eneo lake kuwekwa chini ya Shimane, ambayo makao yake ni Matsue. Tottori ilikuwa himaya ya zaidi ya koku 320,000, na Matsue ilikuwa na koku 186,000 tu. Mji wa kabaila mkubwa ukajikuta ukipokea amri kutoka mji wa kabaila mdogo, ulio zaidi ya kilomita 100 upande wa magharibi. Ofisi ziliondoka, biashara iliyotegemea ofisi ikadorora, na samurai waliokuwa wamekwisha kupoteza posho zao wakazidi kuwa maskini na wenye hasira. Yamagata Aritomo, kiongozi mmoja wa serikali ya Meiji, alitumwa kukagua hali hiyo mwaka 1881, akapendekeza mkoa urudishwe, na ulirudishwa Septemba mwaka huohuo.

Nara nayo ilimezwa mwaka 1876 na mkoa wa Sakai, kisha mwaka 1881 Sakai ikamezwa na Osaka. Watu wa Nara walikuwa na wajumbe wachache katika baraza la Osaka, na waliona kodi zao zikienda kwenye mito na kingo za tambarare ya Osaka, hasa baada ya mafuriko makubwa ya mto Yodo mwaka 1885, huku barabara zao za milimani zikiachwa. Walipeleka maombi Tokyo mara kadhaa yakakataliwa, mpaka mkoa ulipozaliwa upya Novemba 1887. Tokushima ilitoka Kochi mwaka 1880, Fukui ilipata mkoa wake mwaka 1881, Toyama, Saga na Miyazaki mwaka 1883, na wa mwisho ulikuwa Kagawa, uliojitenga na Ehime Desemba 1888 baada ya kufutwa mara mbili. Ukichanganya na Okinawa, unapata fu 3, ken 43 na Hokkaido.

Somo ambalo Wizara ya Mambo ya Ndani ililipata ni kwamba kuufuta mkoa ni kazi ya siku moja, lakini kuwaridhisha wakazi wake huchukua kizazi kizima. Tangu hapo haikufuta mkoa mwingine.

Kwa nini baadhi ya mikoa haina jina la mji wake mkuu?

Sababu hutofautiana. Ishikawa, kwa mfano, ina makao yake Kanazawa, lakini mwaka 1872 ofisi ya mkoa ilihamishiwa mji mdogo wa Mikawa ulio katika wilaya ya Ishikawa, na mkoa ukachukua jina la wilaya. Mwaka uliofuata ofisi ilirudi Kanazawa, jina halikurudi.

Je, Hokkaido na Okinawa zilifuata njia hiyohiyo?

Hapana. Hokkaido, nchi ya Waainu ambao ni wenyeji wake wa asili, ilitawaliwa kama eneo la walowezi. Kuanzia mwaka 1869 ilikuwa chini ya Tume ya Maendeleo, mwaka 1882 ikagawanywa katika mikoa mitatu ya Hakodate, Sapporo na Nemuro, na mwaka 1886, mpango huo ulipoonekana kuwa na gharama kubwa kwa watu wachache, ikawekwa chini ya ofisi moja ya serikali kuu. Kwa kuwa ni kubwa sana, hadi leo imegawanywa katika ofisi ndogo za mkoa, ambazo mwaka 2010 zilipangwa upya kutoka 14 za aina moja kuwa 9 kubwa na 5 ndogo.

Okinawa ilikuwa ufalme wa Ryukyu. Mwaka 1872 Japani iliutangaza kuwa himaya, na mwaka 1879 ikamwondoa mfalme kwa nguvu na kuufanya mkoa. Baada ya vita ya mwaka 1945 ilikaa chini ya Marekani hadi tarehe 15 Mei 1972.

Wilaya zilikwenda wapi?

Wilaya, yaani gun, ni za kale kama majimbo, na sheria ya mwaka 1890 ilizipa mabaraza na kuzifanya ngazi kamili kati ya mkoa na kijiji. Hazikupata mizizi. Hazikuwa na kodi yao wenyewe, na kazi zake ziliweza kufanywa na mkoa au kijiji. Hadhi yake ya kujitawala ilikoma mwaka 1923 na ofisi zake zikafungwa mwaka 1926. Siku hizi jina la wilaya huandikwa katika anwani za miji midogo na vijiji tu.

Gavana wa mkoa alianza kuchaguliwa na wananchi lini?

Aprili 1947. Kabla ya hapo gavana alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, akihamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, kwa namna ambayo msomaji wa Tanzania anayemjua mkuu wa mkoa anayeteuliwa na Rais ataitambua upesi kuliko msomaji wa Kenya aliyezoea kumpigia kura gavana wa kaunti. Katiba mpya na Sheria ya Kujitawala kwa Serikali za Mitaa zilianza kutumika siku moja, tarehe 3 Mei 1947, na wizara yenyewe ilivunjwa mwishoni mwa mwaka huo.

Isidhaniwe kwamba kura ilimaliza mambo. Sheria iliruhusu wizara kumkabidhi gavana kazi za serikali kuu, na katika kazi hizo gavana aliyechaguliwa na wananchi alihesabiwa kuwa wakala wa waziri, wala baraza la mkoa halikuwa na sauti kamili juu yake. Ubishi ulionekana wazi Okinawa mwaka 1995, gavana Ota Masahide alipokataa kutia saini badala ya wenye ardhi waliogoma kukodisha viwanja vyao kwa kambi za Marekani. Waziri Mkuu alimshtaki, na Agosti 1996 Mahakama Kuu Kabisa ikaamua dhidi ya gavana. Utaratibu huo wa uwakala ulifutwa na sheria ya ugatuaji ya mwaka 1999, iliyorekebisha sheria 475 kwa mkupuo na kuanza kutumika Aprili 2000.

Tokyo ni mji au ni mkoa?

Ni mkoa, na ndani yake hakuna mji unaoitwa Tokyo. Hadi mwaka 1943 vilikuwepo vyote viwili, mkoa wa Tokyo na Jiji la Tokyo, vikigongana kila siku. Tarehe 1 Julai 1943, katikati ya vita, serikali iliviunganisha ili mji mkuu uwe na mkuu mmoja, naye aliteuliwa na serikali. Kata 35 za jiji la zamani zilipunguzwa hadi 22 Machi 1947, na Agosti mwaka huo Nerima ikajitenga na Itabashi, zikawa 23. Wakuu wa kata walichaguliwa na wananchi, kisha haki hiyo ikaondolewa mwaka 1952 na kurudishwa mwaka 1975. Upande wa magharibi, Tama, ulihamishwa kutoka mkoa wa Kanagawa mwaka 1893, na hoja iliyotolewa ilikuwa kulinda chanzo cha maji ya jiji, ingawa wanasiasa wa upinzani waliokuwa na nguvu huko waliona sababu nyingine.

Osaka ilitaka kufuata nyayo hizo kwa kulivunja Jiji la Osaka na kuweka kata maalumu. Wapigakura wa jiji walikataa tarehe 17 Mei 2015, kwa tofauti ya kura zilizozidi kidogo 10,000, wakakataa tena tarehe 1 Novemba 2020.

Kwa nini vijiji vimepungua kiasi hicho?

Kila wimbi la kuunganisha, ambalo huitwa kwa jina la enzi ya Mfalme wa wakati huo, lilikuwa na shule au deni nyuma yake. Wimbi la Meiji lilitekeleza sheria ya miji na vijiji ya mwaka 1888, iliyoandaliwa na Yamagata kwa ushauri wa Mjerumani Albert Mosse. Kijiji kilitakiwa kiwe na kaya 300 hadi 500, kiasi cha kuweza kuendesha shule ya msingi, daftari la kaya na ukusanyaji wa kodi. Katika muda wa mwaka mmoja vitengo 71,314 vikawa 15,859.

Wimbi la Showa lilianza na sheria ya mwaka 1953. Safari hii kipimo kilikuwa watu 8,000, kwa kuwa mfumo mpya wa elimu ulizitaka serikali za chini ziendeshe shule za sekondari za awali. Vitengo 9,868 vilipungua hadi 3,472 kufikia mwaka 1961.

Wimbi la Heisei, kati ya mwaka 1999 na 2010, lilisukumwa na fedha. Walioungana waliruhusiwa kukopa hadi asilimia 95 ya gharama za miradi, na serikali kuu iliahidi kubeba asilimia 70 ya marejesho. Wakati huohuo ruzuku ya kawaida kwa serikali za mitaa ikabanwa. Vitengo 3,232 vikawa 1,727. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali: mkoa wa Hiroshima ulitoka 86 hadi 23, na Osaka ikatoka 44 hadi 43.

Baadhi ya maamuzi ya wakati huo yanavutia kuliko takwimu. Kijiji cha Yamaguchi, chenye kituo cha kale cha wasafiri cha Magome, kilihama kutoka mkoa wa Nagano hadi Gifu Februari 2005 kwa kujiunga na mji wa Nakatsugawa, kwa sababu wakazi wake walikuwa tayari wakinunua, wakitibiwa na kufanya kazi huko. Kijiji cha Kitayama kilifanya kinyume chake. Ni cha mkoa wa Wakayama lakini hakigusani na sehemu yoyote nyingine ya mkoa huo, kwani kimezungukwa na Mie na Nara. Watu wake waliishi kwa kuelea na magogo mtoni hadi Shingu, na mikoa ilipochorwa walitaka kubaki pamoja na mji walikouza mbao. Biashara ya magogo imekwisha; kijiji hicho cha watu wachache mno kilikataa pia kujiunga na Shingu, na bado kiko peke yake.

Kanto, Kansai, Tohoku na kanda nyingine zina serikali zake?

Hazina. Kanda nane zinazofundishwa shuleni, yaani Hokkaido, Tohoku, Kanto, Chubu, Kinki (ambayo pia huitwa Kansai), Chugoku, Shikoku na Kyushu, ni mgawanyo wa kijiografia usio na baraza wala bajeti. Kila taasisi huchora mipaka yake. Mie huhesabiwa Kinki katika vitabu vya shule na kuwekwa pamoja na Aichi na Gifu katika shughuli nyingi za serikali na biashara, na Niigata, ambayo ni ya Chubu, ni eneo la kampuni ya umeme ya Tohoku.

Je, mikoa itaunganishwa siku moja?

Pendekezo hilo limerudi mara nyingi kuliko linavyokumbukwa. Mwaka 1927 serikali ya Tanaka Giichi ilibuni ofisi sita za kanda. Juni 1945, ikitarajia nchi kukatwa vipandevipande na uvamizi, serikali iliunda kweli ofisi kuu nane za kanda; mkuu wa ile ya Chugoku aliuawa Hiroshima kwa bomu la atomu, na zote zikafutwa Novemba mwaka huo. Mwaka 1957 tume ya ushauri ilipendekeza kanda 7 hadi 9 zenye wakuu wa kuteuliwa, na Februari 2006 tume ya aina hiyo ikatoa ramani za kanda 9, 11 au 13. Hakuna ramani iliyofika bungeni kama muswada. Wanaoupinga mpango huo huuliza mji upi utakuwa makao, na swali hilo pekee limetosha kuuzika kila mara.

Kilichowezekana ni ushirikiano usiofuta mtu. Muungano wa Kansai ulioanzishwa Desemba 2010 ulijumuisha mikoa saba, ikiwemo Tottori na Tokushima ambazo haziko Kinki, nao husimamia kwa pamoja mambo kama maafa na helikopta za madaktari. Tetemeko la Machi 2011 lilipotokea, wanachama waligawana mikoa ya kusaidia: Hyogo, Tottori na Tokushima zilichukua Miyagi, Osaka na Wakayama zikachukua Iwate, Kyoto na Shiga zikachukua Fukushima.

Kuunganishwa kwa lazima kumetokea mahali pamoja tu, kwenye uchaguzi. Ili kupunguza tofauti ya uzito wa kura, tangu mwaka 2016 Tottori na Shimane ni jimbo moja la uchaguzi wa Baraza la Juu la bunge, na Tokushima na Kochi vilevile, yaani jozi zilezile zilizounganishwa mwaka 1876 na kutenganishwa kwa malalamiko. Chama cha magavana kimedai utaratibu huo ufutwe, na mwaka 2018 bunge lilibadilisha sheria ili vyama viweze kutenga nafasi za upendeleo katika orodha ya kitaifa, nafasi ambazo hutumika kumpa kiti mgombea wa mkoa uliokosa mtu wa kusimama.